Kinyonga Wangu na Bakuli la Maji

Ndugu msomaji, nataka kukuuliza swali ambalo limeninyima usingizi kwa miezi kadhaa sasa. Anayetenda wema ndiye mwenye haki ya kuupima? Yaani, mimi nikikuokoa, nikakulisha, nikakulaza mahali pasipovuja, ni mimi wa kusema kwamba umeokoka, umeshiba na umelala vizuri? Au ni wewe?

Najua utasema haya ni mambo ya masheikh, mapadri na wasomi wa Mlimani, si ya kijana aliyeishia kidato cha nne na ambaye riwaya yake ya kwanza imekwama ukurasa wa 41. Lakini swali hili sikulitoa kitabuni. Nililetewa na kinyonga.

Ilikuwa hivi. Huku kwetu Mbagala mikorosho inazidi kupungua. Kiwanja kikiuzwa leo, kesho panga na shoka vinaingia. Siku moja mafundi waliangusha mkorosho wa mwisho katika kiwanja cha jirani, na punde nikasikia makelele ya watoto. Nilipopenya katikati yao nilimkuta kinyonga wa kijani, urefu wake kama rula pamoja na mkia, amepanua mdomo, ameinua vile vipande vya ngozi vilivyo nyuma ya kichwa kama masikio, anayumbayumba juu ya tawi lililolala chini. Watoto walikuwa na mawe mikononi. Watu wazima walisimama kando, na kila mmoja alikuwa na lake: ana sumu, ana nuksi, ametumwa na mtu. Mimi nilisoma baiolojia kidogo shuleni, nikajua hana sumu yoyote. Nikamsogezea kijiti, akapanda taratibu, nikaondoka naye huku nikizomewa.

Nisikufiche, haikuwa huruma peke yake. Katika ile riwaya yangu yumo mwanasiasa kigeugeu, leo chama hiki kesho kile, na nilikuwa nimekwama namna ya kumchora. Nikajisemea, bahati iliyoje! Nitamfuga kinyonga, nitamtazama kila siku anavyojibadili, kisha nitamhamishia mheshimiwa wangu tabia zake. Huo ndio ukweli. Nilimwokoa kwa mkono mmoja na kumteka kwa mkono wa pili.

Sasa, nyumba yake. Mama aliwahi kuuza maandazi, na kabati lake la vioo lilikuwa limelala uani tangu biashara ilipokufa. Nililisafisha, nikatia tawi moja, nikaweka bakuli la plastiki lenye maji safi, nikamwingiza mgeni wangu na kufunga. Lilipendeza, bwana! Unamwona pande zote nne. Nikaliweka barazani, mahali penye jua.

Jioni yake washikaji zangu wa kikundi cha uandishi walifika. Kinyonga alikuwa amegeuka kahawia iliyoiva, karibu nyeusi, na madoadoa. Mmoja akaweka khanga nyekundu nyuma ya kioo tuone kama atakuwa mwekundu. Akabadilika kweli, ila si kuwa mwekundu, alizidi tu kuwa mweusi, akajivimbisha, akapanua mdomo akitazama kioo. Tukapiga makofi. Mshikaji mmoja akasema kwa sauti ya bungeni, "Mheshimiwa anahama chama!" Tukacheka mpaka machozi.

Katika nyumba yetu anaishi pia binti mmoja wa miaka 17, mtoto wa binamu yake mama. Sitamtaja jina maana hajaniruhusu. Alikuja kutoka kijiji kimoja cha wilaya ya Muheza, upande wa milima ya Usambara Mashariki, baada ya kumaliza darasa la saba. Sisi husema "tumemchukua tumsaidie". Anaamka kabla yetu, anafagia, anachota maji, anapika, anafua, na analala baada yetu. Siku ya tatu ya kinyonga alisimama kwenye lile kabati akiwa na ndoo mkononi, akasema, "Kaka, huyu hanywi hivyo. Kwetu huwa wanalamba umande kwenye majani."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Wewe endelea na vyombo."

Siku ya nne macho ya kinyonga yalikuwa yametumbukia ndani. Yale macho yake ya ajabu, ambayo moja hutazama huku na jingine kule, yalikuwa kama vishimo viwili. Nikapata hofu. Nikaazima simu ya mshikaji, nikasoma usiku kucha, na kesho yake nikaenda Maktaba Kuu ya Taifa pale barabara ya Bibi Titi Mohamed kutafuta zaidi. Kila nilichosoma kilinivua nguo.

Kwanza, maji. Vinyonga kwa kawaida hawayatambui maji yaliyotulia kwenye chombo. Wao hunywa matone, yale ya mvua na ya umande yanayong'aa juu ya jani. Kumbe mgeni wangu alikuwa anakufa kwa kiu mbele ya bakuli lililojaa! Pili, vioo. Kabati la vioo halina hewa ya kutosha, na likipigwa na jua hugeuka tanuri. Tena kioo huzuia ile miale ya jua ambayo ngozi ya kinyonga huihitaji ili mwili wake uitumie kalsiamu na kujenga mifupa. Tatu, na hili ndilo lililoniumiza: kinyonga ni mnyama wa kukaa peke yake, na akimwona kinyonga mwingine huona adui. Katika kioo alikuwa anajiona mwenyewe. Siku nne mfululizo alikuwa anapigana na adui asiyeondoka wala kulala.

Na zile rangi? Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, walieleza jinsi ngozi ya kinyonga mmoja wa Madagascar inavyofanya kazi. Chini ya ngozi mna chembe zilizojaa fuwele ndogo mno. Akiwa ametulia, fuwele zile hukaa karibu karibu. Akipandwa na jazba, huachana, na mwanga unaorudi machoni petu hubadilika. Kwa hiyo kinyonga hanakili rangi ya khanga uliyomtandikia. Rangi yake husema hali yake: joto, baridi, hasira, hofu, kutafuta mwenza. Weusi ule tulioupigia makofi ulikuwa hofu na mateso. Tulikuwa tunamtazama kiumbe akilia, na kwa kuwa hatukuijua lugha yake, tukadhani anatutumbuiza.

Hapa nikikumbuka mheshimiwa wangu wa riwayani naona haya. Sisi waandishi chipukizi tunapenda sana kumwita kila msaliti kinyonga. Hata zile hadithi za kale hazimhurumii. Wazulu, kwa mfano, husimulia kwamba alitumwa kuwaambia wanadamu hawatakufa, akajivuta njiani, mjusi akamtangulia na habari ya kifo. Tangu hapo lawama ni yake. Lakini ukimchunguza, msaliti huficha analolihisi, na kinyonga hawezi kulificha hata kidogo. Kama ni unafiki, basi sisi tunaocheka na wakubwa huku tumenuna rohoni tunamshinda mbali. Wataalamu wenyewe wamempa heshima: mwaka 2006 walipotenga kundi jipya la vinyonga wa milima ya Afrika Mashariki waliliita Kinyongia, kutokana na neno letu la Kiswahili. Neno ambalo sisi tunatukania, wenzetu wamelitia katika majina ya kisayansi.

Basi nikajenga nyumba ya pili. Nakueleza kwa kirefu kidogo, maana pengine nawe utamwokota mmoja siku moja na utahitaji kujua. Niliomba vipande vya mbao kwa fundi, nikaunda fremu ya futi mbili kwa mbili na kimo cha futi nne, kwa sababu kinyonga hupenda kupanda juu, si kutambaa chini. Pande zote nikaweka wavu wa dirishani ili hewa ipite. Mlango nikautia bawaba mbili za zamani. Ndani nikaweka kopo la udongo lenye mche wa haibiskasi, ule wa maua mekundu unaopandwa kwenye uzio, apate kujificha. Matawi nikayapanga mengine ya kulala na mengine ya kupanda, ya unene unaotosha kushikwa na ile miguu yake iliyogawanyika kama koleo. Kibanda nikakiweka chini ya mwembe, upande unaopata jua la asubuhi na kivuli mchana. Chakula ni panzi, nyenje na mende, lakini si mende waliopuliziwa dawa. Kumpapasapapasa ni mwiko, na kumwonyesha wageni vilevile.

Maji aliyatatua yule binti. Alichukua chupa ya soda, akatoboa kifuniko chake kwa msumari wa moto, akainyunyizia ile haibiskasi taratibu mpaka majani yakaanza kudondosha. Kinyonga alikaa kimya kitambo. Kisha akasogea, akatoa ulimi, akalamba. Akalamba tena. Tulisimama pale karibu nusu saa, tukimtazama akinywa. Kabla ya magharibi alikuwa amerudia kijani.

Nikamwambia binti, "Samahani. Uliniambia, nikakudharau."

Akasema, "Si kitu, kaka." Akachukua ndoo yake akaondoka.

Ile "si kitu" iliniganda. Nilianza kumtazama, si kwa jicho baya, bali kama nilivyojifunza kumtazama kinyonga: polepole, bila kumwekea maana yangu. Sisi nyumbani tulikuwa na neno letu juu yake, "mpole". Majirani nao walimsifu mama kwa kupata binti mpole. Nikajiuliza: upole huu tumeujuaje? Ni rangi yake ya kweli, au ndiyo ile rangi nyeusi tunayoipigia makofi?

Siku moja nilimkuta anaanua nguo, nikamuuliza kama anapenda kukaa kwetu. Hakujibu. Nikauliza tena. Akasema bila kunitazama, "Nikisema, mtasema sina shukrani."

Msomaji, maneno hayo manne yamenifundisha kuliko kitabu chochote. Alikuwa ametoka kwao kwa ahadi. Mama alimwahidi mama yake kwamba akifika Dar ataingizwa kwa fundi cherehani ajifunze ushonaji. Mwaka mmoja na nusu ulikuwa umepita. Cherehani hajaigusa. Pesa yake ya mwezi mama "anamtunzia". Anapata chakula, anapata nguo ya Idd, akiugua anapelekwa zahanati. Vyote hivyo ni kweli, na mama si mtu mbaya. Kabla hujamhukumu, jua kwamba ametulea watoto wanne kwa maandazi. Lakini tulikuwa tumemwekea yule binti bakuli la maji safi na kushangaa kwa nini hanywi.

Nilipolipeleka jambo hili kijiweni, mshikaji mmoja aliruka: "Sasa wewe utamlinganisha mtu na mjusi?" Ni pingamizi la haki, nami nimelifikiria. Jibu langu ni kwamba simlinganishi binti na kinyonga. Ninajilinganisha mimi wa kwenye kabati na mimi wa jikoni, na nawaona ni mtu yule yule. Tena tofauti iliyopo inanizidishia kosa. Kinyonga hana ulimi wa maneno. Kosa langu kwake laweza kuitwa ujinga. Binti ana maneno, Kiswahili safi, na tumeishi naye chini ya bati moja miezi 18 bila kumuuliza. Hilo siwezi kuliita ujinga.

Mwingine akasema, "Lakini bila nyinyi angekuwa kijijini hana kazi wala bazi. Na kinyonga angeuawa kwa mawe." Hili nalo ni kweli. Ila tazama linavyofanya kazi. Linachukua wema wa siku moja na kuugeuza hati ya kumiliki siku zote zinazofuata. Niliyemwokoa Jumatatu nina haki gani ya kumtesa Alhamisi? Ukimtoa mtu kisimani hujamnunua. Na hapa ndipo nionapo ubaya wa namna tunavyoitumia shukrani. Shukrani ni jambo zuri likitoka moyoni mwa aliyepewa. Likidaiwa na aliyetoa, linakuwa kifuniko cha mdomo. Wazee walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi naongeza kwamba hata kama wewe ndiye uliyekinunua kitanda, aliyekilalia bado anawajua kunguni kuliko wewe.

Basi, utasema, dawa ni rahisi: fungua mlango. Mwachie kinyonga, mrudishe binti kwao, nafsi yako itulie. Hapo nami nilidhani nimefika. Kisha nikasoma kisa cha Hawaii, Marekani. Mwaka 1972 mwenye duka moja la wanyama huko alipokea vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya. Walifika wamekonda, wamekaukiwa maji. Akawaonea huruma, akawaachia bustanini kwake wapate nafuu. Wakapata nafuu, wakatawanyika, wakazaliana, na leo wanakula wadudu na konokono wa asili wa visiwa vile ambao hawakuwahi kumjua adui wa namna hiyo. Yule bwana alifungua mlango kwa moyo mweupe. Kufungua mlango tu bila kufikiri mtu anatokea wapi na anakwenda wapi ni njia nyingine ya kujipima wema wenyewe, tukaoga mikono na kusahau.

Kwa hiyo sikumpeleka kinyonga wangu kwenye msitu wa mbali, ingawa wazo la Pugu lilinijia. Nilitafuta karibu na alikotoka. Hatua kama mia mbili kutoka kwenye kile kiwanja kuna bonde lenye kijito, ambalo halijengeki kwa sababu ya mafuriko, na lina vichaka vizito. Nilikwishajua pia kwamba Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimwachi mtu ajikamatie mnyama wa porini bila kibali, na kwamba mwaka 2016 serikali yetu ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Lakini nakiri kwamba sheria haikuwa ndiyo iliyonisukuma. Nilisubiri wiki mbili mpaka macho yake yakajaa, nikamtoa alfajiri, binti akiwa mbele kwa sababu ndiye aliyejua kichaka gani kina panzi. Kinyonga akashika tawi, akapiga hatua moja, akayumba, akapiga nyingine. Hakugeuka nyuma. Nilihisi kuumia kidogo, kisha nikajicheka: hata pale nilikuwa nadai shukrani.

La binti lilikuwa gumu zaidi, maana mlango wake haufunguki kwa bawaba. Kwanza nilimuuliza yeye mwenyewe anataka nini. Nilitegemea aseme kwao. Akasema hapana, hataki kurudi kijijini mikono mitupu. Anataka cherehani na anataka pesa yake aishike mwenyewe. Unaona? Ningempandisha basi la Muheza kwa huruma zangu, ningekuwa nimemkosea mara ya pili.

Nilipozungumza na mama alikasirika. Alisema nimeanza kumfundisha maisha kwa sababu ya kusoma simu usiku. Siku tisa tuliongea ya lazima tu. Siku ya kumi aliniuliza, kama hataki jibu, "Hivi huyo fundi wa pale kona anachukua shilingi ngapi kufundisha?" Sasa binti anakwenda cherehani siku tatu kwa wiki, mchana. Siku hizo vyombo naosha mimi, na washikaji wananitania sana. La pesa bado hatujalimaliza. Mama anasema atampa zote kwa pamoja atakapoondoka. Binti anataka kila mwezi. Nami niko upande wa binti. Tunaendelea kubishana, ila safari hii tunabishana na yeye akiwa amekaa mkekani pamoja nasi.

Narudi kwenye swali langu. Anayetenda wema ndiye mwenye haki ya kuupima? Sasa nadhani hapana. Mtendaji anaweza kupima nia yake, gharama yake, jasho lake. Lakini kama wema umefika au haukufika, kipimo kiko kwa aliyepokea, na kazi yetu ni kujifunza lugha anayosemea, iwe maneno, iwe kimya, iwe rangi ya ngozi. Hilo ni gumu, maana linatunyang'anya raha ya kujisifu. Tena linaweza kutuonyesha kwamba tuliyemhesabu kuwa ametosheka alikuwa na kiu muda wote.

Na kwenu waandishi wenzangu: nimezichana zile kurasa za mheshimiwa. Kile kibanda bado kipo chini ya mwembe, mama anahifadhia vifaranga wasichukuliwe na mwewe. Riwaya nimeianza upya. Safari hii inaanza na mtu aliyesimama mlangoni akiwa na ndoo mkononi, anataka kusema jambo, na ndani ya nyumba hakuna anayemsikiliza. Sijui bado atasema nini. Nimeamua kumngoja.